Mucronata: kincha cha jani la mkoko na neno la upanga

Anayejiunga na watu wa kupanda mikoko hapa Mombasa, iwe Mikindani, Jomvu au kando ya hori ya Tudor, hakai sana kabla hajakutana na jina Rhizophora mucronata. Ndilo jina la kitaalamu la mkoko wenyewe, mmoja kati ya miti ya namna mbalimbali ambayo kwa jumla huitwa mikoko. Liko kwenye vibao vya vitalu, liko kwenye madaftari ya miradi, limo katika ripoti zinazosomwa wageni wanapokuja. Nusu ya kwanza ya jina huelezwa kwa wepesi: rhiza kwa Kigiriki ni mzizi, phoros ni mwenye kubeba, basi huo ni mti unaobeba mizizi, na mwenye macho haambiwi tazama. Nusu ya pili ndiyo inayosumbua. Wengi huiruka. Wanaojaribu kuieleza huinyooshea kidole ile mbegu ndefu ya kijani inayoning'inia mtini, iliyochongoka upande wa chini, wakasema mucronata maana yake ni "yenye kudunga", kwa sababu mbegu hiyo ikianguka hujichomeka topeni.

Maelezo hayo yanapendeza, ila yamekosea mahali. Mucronata inazungumzia jani. Tena si jani zima: ni ile ncha fupi, ngumu, iliyo mwisho kabisa wa jani, ambayo mtu anaweza kuishi na mikoko miaka mingi bila kuitazama.

Mbegu ya mkoko yenyewe ina ajabu yake, sikatai. Huota ikiwa bado iko juu ya mti, ikarefuka hadi pengine kupita nusu mita, kisha ndipo inapoanguka. Lakini tabia hiyo ya kuota mtini si ya mkoko peke yake. Miti mingine ya msitu huohuo, kama muia na mkandaa, inayo, na ndugu wote wa jenasi ya Rhizophora, yaani ukoo wa miti ya karibu wenye jina hilo, wanayo, kuanzia huku kwetu hadi Amerika. Jina la kutofautisha ndugu na ndugu halingeweza kushikilia jambo ambalo wote wanalo.

Basi tuanze na jani. Okota jani bichi la mkoko, lililokomaa lakini si kuukuu. Ni nene, linang'aa upande wa juu, lina urefu wa takriban sentimita 10 hadi 15, na upande wa chini lina vidoa vidogo vyeusi vilivyotawanyika. Fuata mshipa wa kati kwa kidole kutoka kikonyoni kwenda mwisho. Bapa la jani, yaani ule upana wake, linaviringana, pande mbili zinakaribiana, na mahali ambapo ungetarajia kila kitu kiishe, mshipa wa kati hauishi. Unatoka nje ya bapa na kuendelea peke yake kwa milimita chache, ukiwa mgumu na mwembamba. Hicho ndicho wanabotania wanachokiita mucro. Hapa nitakiita kincha. Katika majani makuukuu kincha mara nyingi huwa kimekauka au kimekatika, kwa hiyo anayetazama majani yaliyoanguka chini tu anaweza kuapa kwamba hakuna kitu.

Linganisha na majirani zake katika msitu huohuo wa matope. Jani la mkandaa limeviringana mwishoni, au lina pengo dogo. La kikandaa lina pengo pia, na ni nene lenye maji. La mlilana ni la duara. La muia huchongoka, lakini huchongoka polepole, bapa lenyewe likijikusanya kuwa ncha. La mchu huchongoka vilevile, na ukiligeuza utaona upande wa chini una rangi ya kijivu. Kati ya hao, mkoko ndio wenye kincha cha ghafla kinachotokeza baada ya bapa kwisha. Kwa mtu wa Mombasa anayejifunza kuitambua miti ya mikoko kwa majani, kivumishi hiki cha Kilatini ni chombo cha kazi, na ninaona ni hasara kubwa kikiachwa kwenye kibao bila maelezo.

Sasa neno lenyewe. Kwa Warumi wa kale, mucro ilikuwa ncha ya upanga. Upanga wa askari wao ulifaa sana kudunga, ncha ikawa ndiyo yenye kazi, na neno likapanuka hata likawa linamaanisha upanga mzima. Ndivyo sisi tunavyosema watu wametawaliwa kwa mtutu tukiwa na maana ya silaha yote, ilhali mtutu ni bomba la bunduki tu. Mshairi Virgil, aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo, analitumia neno hilo anaposimulia usiku wa kuanguka kwa mji wa kale wa Troy, panga zikimetameta. Na Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, anaandika habari za samaki-upanga kwamba ana pua iliyo mucronata, na kwamba pua hiyo hutoboa vyombo baharini. Wavuvi wanaowajua nduaro na sulisuli hawatashangaa kwamba neno la upanga lilifika puani mwa samaki kabla halijafika kwenye jani la mkoko.

Herufi n iliyo katikati ya mucronata ina sababu yake. Nomino za Kilatini hubadilika mwisho kufuatana na kazi zake katika sentensi. Mucro ikiwa kiima huonekana fupi, lakini shina lake kamili ni mucron-, na shina hilo ndilo linalopokea viambishi. Ndiyo maana hatuna "mucrata". Na kwa kuwa watu huunganisha maneno yanayofanana sauti, niseme pia kwamba mucro haina udugu na mucus, ambayo ni kamasi. Wala haina udugu na Mucuna, jenasi ya upupu, ambayo jina lake lilitoka Brazili, katika lugha ya Wenyeji wa huko, wala si Kilatini.

Kiambishi -ata ndicho kinachofanya kazi kubwa, na ukikishika hicho umefungua majina mengi kwa mkupuo mmoja. Kinapachikwa kwenye nomino kutoa kivumishi chenye maana ya "-enye kitu hicho". Mbuyu, kama ile mikubwa iliyo ufukweni mwa kisiwa cha Mombasa upande wa Mama Ngina, unaitwa Adansonia digitata: digitus ni kidole, digitata ni wenye vidole, kwa sababu jani lake limegawanyika vipande vilivyopangika kama vidole vya mkono. Mstafeli ni Annona muricata. Murex ni kombe wa baharini mwenye miiba, yuleyule ambaye watu wa kale walimtoa rangi ya zambarau, na muricata ni yenye miiba ya namna ya kombe huyo. Shika stafeli lolote pale sokoni Kongowea na utajua aliyelipa jina alikuwa ameligusa. Mtopetope mmoja unaitwa Annona reticulata, yenye wavu, kwa mistari iliyojichora kwenye ganda la tunda. Vidole, miiba, wavu, kincha: mjengo ni uleule.

Kiswahili kina chombo cha karibu sana na hiki, nacho ni -enye. Tunasema mkoko wenye kincha, jani lenye kincha, majani yenye vincha, mtoto mwenye upanga. Neno linabaki lilelile lakini mwanzo wake unatii ngeli ya nomino inayotawala. Kilatini kinafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba utiifu wake uko mwisho wa neno. Kina jinsi tatu: ya kiume, ya kike, na ile isiyo ya kiume wala ya kike. Nomino ya kiume hutaka mucronatus, ya kike mucronata, na ya tatu mucronatum. Rhizophora ni ya kike, kwa hiyo mucronata. Ua la bustanini liitwalo Rhododendron mucronatum lina -um kwa sababu dendron, yaani mti kwa Kigiriki, iko katika ile jinsi ya tatu. Anayeandika "Rhizophora mucronatus" amefanya kosa lilelile la anayesema "mkoko lenye kincha". Kanuni za majina ya mimea hulisahihisha kosa la namna hiyo bila kuhesabu kwamba jina limebadilika.

Kuna jambo hapa ambalo hunifurahisha kila ninapolifikiria. Sisi tumeiweka miti mingi katika ngeli moja: mkoko, mchu, mwembe, mnazi, mbuyu, mikoko, michu, miembe. Warumi nao, kwa njia yao, waliiweka miti pamoja: majina mengi ya miti katika Kilatini ni ya kike, hata yale ambayo mwisho wake una sura ya kiume. Quercus, mti wa mwaloni, inaishia -us, lakini mwaloni mweupe wa Amerika unaitwa Quercus alba wala si Quercus albus. Anayeangalia herufi za mwisho tu atadhani kuna kosa. Anayejua kwamba mti una jinsi yake atatulia.

Lakini upatanisho huu una mtego mmoja, na hapa Mombasa tunao kwenye matope yetu wenyewe. Mkomafi ni Xylocarpus granatum. Xylocarpus, tunda la mbao, ni jina la kiume, sasa mbona granatum ina -um? Jibu ni kwamba granatum katika jina hili ni nomino, imesimama kando ya nomino nyingine bila kuitii. Ni komamanga. Aliyeupa mti jina aliliona lile tunda la mkomafi, mviringo mkubwa wa kahawia uliojaa mbegu, akakumbuka komamanga. Kwa hiyo kabla hujamsahihisha mtu mwisho wa jina, uliza kwanza kama neno la pili ni kivumishi au nomino.

Hadi hapa mkoko ndio kwanza unaalika maua. Ugumu wa mucronata hauko kwenye asili yake, uko kwenye ndugu zake. Wanabotania hawakuridhika kusema jani "lina ncha", kwa sababu ncha ziko za namna nyingi na kila namna inaweza kutenganisha mmea na mmea. Wakakusanya maneno ya Kilatini yaliyohusu kuchongoka, ambayo Mrumi wa kawaida pengine aliyatumia kwa uhuru, wakayagawia kila moja kazi yake.

Acuta ni ncha ya kawaida: pande mbili za bapa zinakuja zikiwa zimenyooka na kukutana kwa pembe kali. Acuminata inatokana na kitenzi cha kunoa: pande zinapinda kwa ndani kabla ya kukutana, hivyo jani linavutika na kuwa na mkia mrefu mwembamba. Misitu ya mvua imejaa majani ya namna hii. Cuspidata inatoka kwenye cuspis, ncha ya mkuki, nayo ni ncha ya ghafla, ngumu, lakini pana zaidi mwanzoni kuliko kincha cha mkoko. Aristata ni kutoka arista, zile ndevu za suke la shayiri au ngano. Hapo mwisho wa jani umekuwa unywele mrefu mgumu. Apiculata inatoka kwenye apiculus, ambayo ni apex, yaani kilele, ikiwa imedogoshwa. Nayo ni kincha kifupi cha ghafla, lakini laini kuliko mucro. Upande wa pili wa orodha wako waliokosa ncha: obtusa ni butu, na emarginata ni lenye pengo, kama lile la kikandaa.

Na mucronata yenyewe ina mtoto. Kilatini hudogosha nomino kwa kupachika -ul- ndani yake, kama sisi tunavyopachika ki- mbele. Kincha kidogo zaidi kinakuwa mucronulus, na chenye kincha hicho ni mucronulatus. Ndiyo sababu kuna Rhododendron mucronatum na kuna Rhododendron mucronulatum, na mtu akiruka silabi moja amehamia mmea mwingine.

Ukitaka kuyatenganisha haya ukiwa na jani mkononi, bila kitabu, jiulize ncha inaanzaje na imetengenezwa na nini. Kama bapa lenyewe ndilo linalojikusanya polepole kuwa ncha, uko kwenye acuta au acuminata. Kama bapa linaisha na ncha inaanza upya, ghafla, uko kwenye ukoo wa cuspidata, apiculata na mucronata. Na kama ncha hiyo ya ghafla ni mshipa wa kati uliotokeza nje, mgumu na mfupi, basi ni mucronata. Mipaka kati ya cuspidata, apiculata na mucronata haijachorwa sawasawa na waandishi wote. Mmoja ataliita jani hili apiculata, mwingine ataliita mucronata, na wote wawili ni wataalamu. Mwanafunzi asijilaumu akiona vitabu viwili havikubaliani. Atazame jani.

Sasa nifikie fundo lenyewe, ambalo nadhani ndilo chanzo cha mkanganyiko wote. Neno mucronata lina kazi mbili tofauti, na watu huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni ya kueleza. Mtaalamu anapoandika maelezo ya mmea akasema jani lake ni mucronata, anatoa ushahidi. Anasema: nimetazama, kincha kipo. Kama hakipo, amekosea, na mwingine ana haki ya kumsahihisha. Kazi ya pili ni ya kutaja. Neno linapokaa baada ya Rhizophora, halitoi tena ushahidi wa kitu chochote. Limekuwa jina. Mtu anayeitwa Juma si lazima awe alizaliwa Ijumaa, na ukigundua kwamba alizaliwa Jumanne humwendei kumtaka abadilishe kitambulisho. Kanuni za kimataifa za majina ya mwani, kuvu na mimea zinasema wazi kwamba jina lililochapishwa ipasavyo halikataliwi kwa sababu tu halifai au halielezi vizuri.

Tofauti hii inaonekana vizuri sana kwa mkoko. Mwaka 1753, Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipochapisha jina la Rhizophora, kati ya spishi, yaani aina za miti, alizoziweka humo alikuwemo Rhizophora mangle, mkoko wa pwani za Atlantiki, unaopatikana Amerika na Afrika Magharibi. Jani la mkoko huo huishia bila kincha kile. Jina Rhizophora mucronata lilipochapishwa mwaka 1804, ukiuweka mkoko wetu kando ya ule wa Atlantiki, kincha kilikuwa tofauti ya kweli ya kuonekana kwa macho. Kivumishi kilistahili mahali pake.

Kisha mwaka 1827 Blume, aliyekuwa akichunguza mimea ya Java, akachapisha Rhizophora apiculata. Neno jingine la kincha! Baadaye ikaja Rhizophora stylosa ya Griffith, mtaalamu mwingine wa mimea, iliyotajwa kwa urefu wa kijiti kilicho katikati ya ua. Na ndugu hao wote wawili wa upande wa mashariki wana kincha mwishoni mwa jani, kama mkoko wetu. Mtu aliyesimama kwenye matope ya Indonesia, ambako wanaishi pamoja, hawezi kutegemea kincha kutofautisha mucronata na apiculata. Itambidi aangalie maua: apiculata huyatoa mawili mawili kwenye kikonyo kifupi kinene, na petali zake hazina nywele. Mucronata huyatoa zaidi, kwenye kikonyo kinachogawanyika, na petali zake zina nywele kingoni. Majina yanasema kincha na kincha, lakini ukweli uko kwenye ua.

Hapa Kenya hatuna shida hiyo. Rhizophora yetu ni moja tu, hiyo mucronata. Kwa hiyo kwetu neno hili linafanya kazi zake mbili bila kugongana: ni jina, na pia ni maelezo yanayomtenga mkoko na majirani zake wote. Ukivuka bahari, linabaki jina tu. Hili linanifanya niwatetee wale wanaofundisha vijana kulitafuta kincha kwanza, mradi wawaambie pia kwamba alama hii ni ya huku.

Majina mengine ya mikoko hayakujaribu hata kueleza. Mchu unaitwa Avicennia marina, na jenasi hiyo ilipewa jina kwa heshima ya Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, ambaye Ulaya ilimwita Avicenna. Wako watu wanaopita kando ya michu kila siku wakienda kusoma habari za Ibn Sina madrasa, na hawajui kwamba wamempita. Marina ni ya baharini, basi, na mikoko yote ni ya baharini. Muia ni Bruguiera gymnorhiza, mizizi uchi, jina ambalo lingefaa nusu ya msitu. Utaliona pia limeandikwa gymnorrhiza kwa r mbili, kwa sababu kanuni ya Kigiriki ya kale ilitaka sauti hiyo irudiwe ikitanguliwa na vokali.

Na kabla ya yote hayo, watu wa pwani walikuwa na mpangilio wao, uliojibu swali jingine kabisa. Wakataji na wauzaji wa miti ya mikoko waligawa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkoko mmoja huwa pau ukiwa mwembamba na boriti ukinenepa, na mkandaa wa unene uleule unaweza kuingia fungu hilohilo. Dari za nyumba kongwe za Mji wa Kale zimeshikiliwa na mpangilio huo, na majahazi yaliupeleka hadi Uarabuni kwa miaka mingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje mwaka 1982. Fundi anayeezeka anahitaji kujua unene, na kincha cha jani hakimsaidii. Mpanda miche anahitaji kujua spishi, kwa sababu mkoko, mchu na mlilana havipandwi mahali pamoja: kila mmoja una kimo chake cha maji ya bamvua unachokivumilia. Kuukosea mti kwa jina ni kuupanda mahali utakapokufa.

Kanuni ya kwamba jina halibadilishwi kwa kutofaa ina tukio moja la karibuni linalostahili kutajwa. Mwezi Julai 2024, mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Madrid ulipiga kura kwamba neno caffra na maumbo yake, katika majina zaidi ya 200, ligeuzwe kuwa affra, yaani la Afrika. Kura zilikuwa 351 dhidi ya 205. Caffra lilitokana na neno la Kiarabu kafiri, ambalo sisi tunalijua, lakini kusini mwa Afrika liligeuzwa kuwa tusi la kumdhalilisha mtu mweusi. Ninaona uamuzi huo ulikuwa wa haki. Sababu yake haikuwa kwamba neno linaeleza mmea vibaya. Ilikuwa kwamba linamuumiza mtu. Mucronata haimuumizi yeyote, na itabaki hata pale ambapo haitofautishi.

Yamebaki mambo madogo ya uandishi. Jina lote huandikwa kwa herufi za mlazo, jenasi ikianza kwa herufi kubwa na kivumishi kwa ndogo, hata mwanzoni mwa kichwa cha habari kinapotajwa pamoja na jenasi yake. Likishatajwa mara moja, linaweza kufupishwa kuwa R. mucronata. Baada yake utaona pengine Lam., pengine Poir., vifupisho vya majina ya watu waliolichapisha, na wengi hudhani ni mimea miwili. Ni mti mmoja. Lamarck, Mfaransa, alianzisha kamusi kubwa ya botania kisha akaiachia Poiret aiendeleze, na jina la mkoko limo katika juzuu la sita, la mwaka 1804. Wengine wakalihesabu kuwa la mwenye kamusi, wengine la aliyeiendeleza. Hadi mwisho wa mwaka 2011, aliyetaka kuupa mmea mpya jina alilazimika kuueleza kwa Kilatini. Tangu Januari 2012 Kiingereza pia kinakubaliwa, lakini majina yenyewe bado yanafuata sarufi ya Kilatini, na -ata bado inatii jinsi.

Kuhusu kulitamka, Mswahili ana bahati. Vokali za mucronata husomeka kama zetu, c ni k, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika maneno yetu mengi: mu-kro-NA-ta. Ni Rhizophora inayotaka uangalifu. Ulimi wetu utavuta kusema rizo-FO-ra, lakini o hiyo ya mwisho ni fupi, na Kilatini kikikuta silabi fupi mahali hapo husogeza mkazo nyuma hatua moja: ri-ZO-fo-ra.